Kivinjari: tunakichagua, au tunakikuta tu?

#1 · SautiYaKibodi
Wakuu, heshima mbele.

Muulize mtu yeyote kwa nini anatumia kivinjari fulani, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, Firefox au Safari, jibu la kwanza ni "kinafungua haraka". Jibu hilo silikubali. Kuna kipimo kinaitwa Speedometer 3, kilitoka Machi 2024, na Apple, Google, Microsoft na Mozilla (wenye Firefox) wote walikifanyia kazi pamoja. Vipime vivinjari vyako kwenye mashine moja: tofauti ipo kwenye namba, lakini ukifungua gazeti au barua pepe huioni. Kinachokuchelewesha hapo ni mtandao na uzito wa ukurasa wenyewe.

Dai langu ni hili: mtu anashikiliwa na kile alichokikuta kwenye kifaa, manenosiri aliyokwisha kuyahifadhi humo, na vidole vilivyozoea. Kasi ni sababu anayoitafuta baadaye akiulizwa. Anayeona vingine alete hoja.

#2 · NguzoNane
Hoja ya kukikuta kwenye kifaa ina shimo kubwa. Internet Explorer (IE), kivinjari cha zamani cha Microsoft, ilikuja ndani ya Windows, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilishika zaidi ya 90% ya watumiaji. Watu wakaihama. Leo Edge, mrithi wake, inakuja ndani ya Windows vilevile, na kazi ya kwanza wengi wanayoipa ni kupakua Chrome.

Waliihama IE kwa sababu zinazoshikika. Toleo la 6 lilitoka 2001, la 7 likaja 2006. Miaka mitano kivinjari kimelala, huku madirisha ya matangazo yanaruka kila ukurasa. Firefox 1.0 ilipotoka Novemba 2004 ikiwa na vichupo (kurasa kadhaa ndani ya dirisha moja) na kizuizi cha madirisha hayo, mtu aliona faida siku ya kwanza.

#3 · Shoka
NguzoNane umesimulia nusu. Waliotoka IE wengi wao hawakuishia Firefox, waliishia Chrome, iliyotoka 2006, na haikuwabeba kwa ubora peke yake. Ilitangazwa kwenye ukurasa wa utafutaji unaofunguliwa kuliko yote duniani, na ilipachikwa ndani ya visakinishi vya programu nyingine: usipoondoa alama ya vema, unamaliza kusakinisha kumbe na Chrome imeingia. Hiyo nayo ni kukikuta, ila kwa mlango wa nyuma.

#4 · BintiSeva
Shoka, panga lako kali lakini tarehe imekuponyoka. Chrome ilitoka kwa Windows tarehe 2 Septemba 2008. Toleo thabiti la Mac na Linux lilikuja Mei 2010. Hoja yako ya visakinishi haibadiliki.

#5 · KaratasiNgumu
Mnazungumzia historia, mie nazungumzia RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Kwenye mashine ya GB 4, vichupo kumi vya Chrome vinaifanya iburuze miguu. Hapo ndipo mtu anahama, na ana haki. Firefox ni nyepesi zaidi, au ni maneno ya vijiweni?

#6 · FundiMichakato
Kabla ya kuhukumu tupime vizuri, maana wengi hupima vibaya. Ukifungua orodha ya michakato (vipande vya programu vinavyoendeshwa kila kimoja peke yake) ya mfumo endeshi, ukajumlisha namba za michakato ishirini ya Chrome, unahesabu kitu kilekile mara nyingi. Maktaba za msimbo zinazotumiwa na michakato yote huweza kuhesabiwa kwenye kila mmoja, kwa hiyo jumla inatoka kubwa kuliko ukweli. Fanya hivi:

Kwenye Chrome au Edge bonyeza Shift+Esc. Linafunguka dirisha la kazi za kivinjari chenyewe. Panga kwa safu ya kumbukumbu. Hapo utaona kichupo gani, fremu gani (ukurasa uliopachikwa ndani ya ukurasa) na kiendelezi gani (programu ndogo ya kuongezea kivinjari) kinakula. Kwenye Firefox andika about:processes kwenye upau wa anwani. Ukitaka undani, about:memory ina kitufe cha kupunguza matumizi. Ukikibonyeza na namba ikashuka sana, ujue ile ilikuwa takataka inayosubiri kuzolewa.

Linganisha kwa wasifu mpya (kivinjari kikiwa kitupu kama kimesakinishwa leo) pande zote mbili, kurasa zilezile, bila viendelezi, na usome namba baada ya dakika kumi. Ukisoma mara tu kurasa zinapomaliza kufunguka, unapima vurugu za mwanzo.

Sasa sababu. Tangu Chrome 67, mwaka 2018, kwenye kompyuta kila tovuti hutengewa mchakato wake. Kasoro ya prosesa iitwayo Spectre ilikuwa imeonyesha kwamba msimbo wa tovuti moja unaweza kunyemelea data ya nyingine zikikaa ndani ya mchakato mmoja. Firefox nayo ilifika huko mwaka 2021, kwa mradi ulioitwa Fission. Ukurasa mmoja wenye fremu kutoka tovuti nne tofauti unaweza kukuletea michakato mitano. RAM hiyo ni gharama ya ulinzi, na mwenye GB 4 analipa sawa na mwenye GB 32. Kwenye Android walilegeza: utengaji ulipoanza mwaka 2019 uliwekwa kwa tovuti unazoingia kwa nenosiri, na kwa simu zenye RAM ya GB 2 kwenda juu.

Kwa hiyo swali la nani mwepesi jibu lake linategemea kurasa zako. Vichupo vichache, tofauti ni ndogo. Vichupo arobaini, kinachoamua ni namna kivinjari kinavyolaza vile usivyovitazama.

#7 · KaratasiNgumu
Shukrani kwa somo. Sasa vinalazwaje?

#8 · FundiMichakato
Chrome: Mipangilio, kisha Utendaji, washa kuokoa kumbukumbu. Kuna ngazi tatu. Kwa GB 4 chagua ya juu kabisa. Hapohapo kuna orodha ya tovuti zisizolazwa, weka zile ambazo ukizirudia zinakutoa nje ya akaunti. Kichupo kinachotoa sauti, chenye fomu iliyojazwa nusu, kinachopakua faili au kilichobandikwa hakilazwi, kwa hiyo mtu akiwa na vichupo kumi na vitano vilivyobandikwa, asishangae hakuna kinachopungua. Ukitaka kukilaza kimoja kwa mkono, chrome://discards.

Firefox hulaza yenyewe RAM inapokaribia kuisha. about:unloads inakuonyesha foleni, nani atalazwa kwanza. Kuanzia toleo la 140 unaweza kubofya kichupo kulia na kukilaza papo hapo.

#9 · Zumari
FundiMichakato kagusia jambo bila kulimalizia: zile fremu nne za nje kwenye ukurasa mara nyingi ni matangazo na vifuatiliaji. Zuia hizo na michakato inapungua, RAM inapungua, data inapungua, betri inadumu. Ndiyo maana nasema kinachoamua siku hizi ni viendelezi, na hasa kizuia matangazo.

Chrome imefunga mfumo wa zamani wa viendelezi, toleo la pili la manifesti (faili linaloeleza kiendelezi na ruhusa zake). Toleo la 139, mwaka 2025, likaondoa hata ule mlango waliokuwa wameachiwa wasimamizi wa kompyuta za makampuni. Katika mfumo wa zamani kiendelezi kilikaa katikati: kila ombi linalotoka kinaliona, kinalipima, kinaamua. Katika mfumo mpya kiendelezi kinakabidhi orodha ya kanuni mapema, na kivinjari chenyewe ndicho kinachoamua. Kanuni za kudumu zilizohakikishwa kwa kila kiendelezi ni 30,000. Zikizidi hapo unategemea fungu la pamoja linalogombaniwa na viendelezi vyote. Na orodha ikibadilika, kanuni hizo za kudumu husubiri sasisho la kiendelezi kizima, wakati zamani kiliweza kujipakulia orodha mpya chenyewe.

uBlock Origin kamili, kizuia matangazo maarufu, haipo tena Chrome. Kwenye Firefox ipo, kwa sababu Mozilla wameacha njia ya zamani wazi sambamba na mpya. Mtu akihama kwa ajili hiyo, msimwambie amehama kwa mazoea ya vidole.

#10 · Kitangulizi
Zumari, unaipa chumvi. uBlock Origin Lite, toleo lake jepesi, inafanya kazi kwenye mfumo mpya. Baada ya kuisakinisha, ingia kwenye mipangilio yake uhakikishe kiwango cha uchujaji kiko cha juu, si cha msingi, kwa sababu cha msingi hakigusi mabaki ya ndani ya ukurasa. Ukipandisha, mtumiaji wa kawaida haoni tofauti. Na faida ya mfumo mpya ipo: katika kiwango cha msingi kiendelezi hakihitaji ruhusa ya kusoma kurasa zako zote. Viendelezi vingapi vimenunuliwa na watu wengine, vikageuzwa kuwa wapelelezi kwa kutumia ruhusa hiyohiyo?

#11 · Zumari
Hoja ya ruhusa naipokea, ni nzito kweli. Ila tofauti ipo. Kuna vifuatiliaji vinavyojificha nyuma ya jina dogo la tovuti yenyewe: kwenye DNS, daftari la majina ya tovuti, jina hilo linaelekeza kwa kampuni nyingine kabisa. Kwenye Firefox uBlock Origin huuliza DNS, ikaona jina la kweli, ikazuia. Chrome haijawahi kuvipa viendelezi uwezo huo, hata kabla ya mabadiliko haya. Na kwenye simu ya Android, Chrome haina viendelezi kabisa. Firefox ilifungua mlango kwa viendelezi vyote Desemba 2023.

#12 · MtiMkavu
Msisahau Brave. Kizuizi chao kimejengwa ndani ya kivinjari, kwa lugha ya Rust, kwa hiyo sheria za viendelezi haziwagusi. Vivaldi nao wana kizuizi cha ndani. Ukitaka injini (sehemu inayochora kurasa) ya Chromium, msingi ambao Chrome imejengwa juu yake, bila kutegemea kiendelezi, njia ipo.

#13 · Mwanamaji_2
Kwenye iPhone mimi ni Chrome tu. Injini yake inashinda ya Safari, kurasa zinafunguka vizuri zaidi.

#14 · BintiSeva
Hapana, ndugu yangu. Chrome ya iPhone inatumia WebKit, injini ileile ya Safari. Apple wamelazimisha hivyo kwa vivinjari vyote vya iOS. Sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya ndiyo iliyowafanya wafungue mlango kuanzia iOS 17.4, Machi 2024, tena mwanzoni kwa nchi za Umoja huo peke yake. Unachokipenda kwenye Chrome ya iPhone ni usawazishaji wa data kati ya vifaa vyako, mpangilio wa vichupo na mtafsiri. Ni sababu halali, ila injini haimo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye injini: kompyutani zimebaki tatu zenye uzito. Blink iko ndani ya Chrome, Edge, Opera, Brave na Vivaldi. Gecko ni ya Firefox. WebKit ni ya Safari. Tena Blink ilizaliwa Aprili 2013 kwa kujitenga na WebKit, na WebKit yenyewe ilichipuka kutoka KHTML ya mradi wa KDE. Opera ilikuwa na injini yake, Presto, ikaiacha mwaka huohuo wa 2013. Edge ikaiacha ya kwake Januari 2020. Mtu akihama kutoka Chrome kwenda Edge, kwa upande wa kurasa hajahama.

#15 · Shoka
Na hapo ndipo penye sababu kubwa kuliko zote mlizotaja: tovuti zinazokataa. "Tafadhali tumia Chrome." Mtu anakutana nayo mara mbili kwenye huduma anayoihitaji, anasalimu amri. Hakupenda wala hakuchagua.

#16 · BintiSeva
Kweli, lakini nusu ya kukataa huko ni uvivu wa mjenzi wa tovuti. Jaribu hivi kabla ya kusalimu amri:

Kwanza, zima ulinzi wa ufuatiliaji kwa tovuti hiyo pekee, kwa kubofya ngao iliyo kwenye upau wa anwani, kisha pakia upya. Mara nyingi kinachovunjika ni fomu ya kuingia au malipo inayotegemea vidakuzi (faili ndogo za kumbukumbu) vya tovuti nyingine. Pili, fungua wasifu mpya usio na viendelezi. Kwenye Firefox ni about:profiles. Ikifanya kazi humo, mkosaji ni kiendelezi chako. Tatu, badilisha kitambulisho cha kivinjari kwa kiendelezi cha kazi hiyo ujitambulishe kama Chrome. Tovuti ikifunguka na kufanya kazi yote, ujue ilikuwa inasoma jina tu mlangoni. Firefox yenyewe inafanya ujanja huo kwa baadhi ya tovuti; orodha iko about:compat, na kila kipengele unaweza kukizima uone tofauti.

Ikishindikana hata hapo, huenda tovuti inahitaji uwezo ambao haupo kweli. Mfano mzuri ni WebUSB na Web Bluetooth, zinazoruhusu ukurasa kuongea na kifaa moja kwa moja: kurasa zinazopakia programu kwenye kifaa kwa waya wa USB hazitafanya kazi Firefox wala Safari, kwa sababu waundaji wake waliukataa uwezo huo kwa hofu ya usalama. Hapo weka Chromium pembeni kwa kazi hiyo moja.

#17 · NguzoNane
Nyongeza fupi kwa BintiSeva. Kusoma jina mlangoni ni ugonjwa wa zamani. Hadi leo Chrome ikijitambulisha kwa seva huanza na "Mozilla/5.0", na ndani ya sentensi hiyohiyo inajiita pia Safari na kusema inafanana na Gecko. Kila kivinjari kipya kilibeba majina ya waliotangulia ili seva zisikifungie mlango. Firefox nayo, toleo la 49 mwaka 2016, ilianza kukubali mitindo yenye kiambishi cha WebKit, kwa sababu wajenzi wa kurasa za simu waliandikia WebKit na kuwasahau wengine.

#18 · Kipimajoto
Wote mmeacha betri na joto. Kompyuta mpakato inavuma feni kwenye video, mwenye nayo anabadilisha kivinjari, feni inatulia, basi anaapa kivinjari kile ni chepesi. Kilichobadilika kwa kawaida ni kodeki, yaani namna video ilivyobanwa.

YouTube inaweza kutoa video ileile kwa H.264, VP9 au AV1. Chipu yako ikijua kodeki hiyo, kazi inafanyika kwa umeme kidogo. Isipoijua, prosesa inaikokotoa kwa nguvu. H.264 inajulikana karibu na kila chipu. VP9 kamili ilikuja kwa Intel kizazi cha 7, AV1 kizazi cha 11. Kwa Apple, AV1 ilianza na M3 upande wa Mac na A17 Pro upande wa iPhone.

Kukagua: bofya video kulia, fungua takwimu za wajuzi (Stats for nerds), tazama mstari wa kodeki. avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, av01 ni AV1. Kisha kwenye Chrome fungua chrome://media-internals, chagua kichezeshi, soma jina la kisimbuaji (kinachofungua video iliyobanwa). Dav1dVideoDecoder, VpxVideoDecoder au FFmpegVideoDecoder maana yake prosesa inabeba mzigo. D3D11VideoDecoder kwenye Windows maana yake chipu ya michoro inafanya kazi. Kwenye Firefox, about:support ina sehemu ya media yenye jedwali la kodeki zinazosaidiwa na chipu.

Tiba: kiendelezi cha h264ify huilazimisha YouTube itoe H.264, lakini utaishia 1080p, maana juu ya hapo hawatoi kwa kodeki hiyo. Kwenye Firefox unaweza kuzima AV1 pekee: about:config, media.av1.enabled, weka false. Na kama uliwahi kuzima kichapuzi cha vifaa (kinachoipa chipu ya michoro kazi ya video) kwenye mipangilio kwa sababu ya skrini nyeusi, ukasahau kukirudisha, hakuna kodeki itakayokuokoa. Anzia hapo.

#19 · Mwanamaji_2
Asante BintiSeva kwa sahihisho la #14. Kipimajoto, na Netflix je? Edge inaonyesha picha kali kuliko Chrome kwenye Windows hiyohiyo.

#20 · Kipimajoto
Hiyo ni ya ulinzi wa hakimiliki. Edge inatumia PlayReady, kufuli la hakimiliki la Windows lililofungwa kwenye vifaa, kwa hiyo inapewa hadi 4K. Chrome na Firefox zinatumia Widevine, kufuli la Google, ya kiwango cha programu, zinaishia 1080p. Hata kwa Edge unahitaji skrini na waya vyenye HDCP 2.2 (ulinzi wa picha ikipita kwenye waya) na kiendelezi cha HEVC (kodeki nyingine) kutoka duka la Windows, pamoja na kifurushi cha akaunti kinachoruhusu 4K. Kimoja kikikosekana, unashushwa bila kuambiwa. Na Chromium tupu, ile isiyo na Widevine ndani, haitacheza kabisa.

#21 · SautiYaKibodi
Nimewasoma wote. Viendelezi na video mmenibana. Lakini pointi ya manenosiri hakuna aliyeigusa, na ndiyo kamba ngumu kuliko zote. Tazameni tofauti hii.

Kwenye Firefox, nakili folda nzima ya wasifu kwenda kompyuta nyingine na kila kitu kinaamka: alamisho na historia zimo ndani ya places.sqlite, manenosiri ndani ya logins.json na ufunguo wake ndani ya key4.db. Faili hizo mbili za mwisho lazima zisafiri pamoja. Ukiacha moja, manenosiri hayafunguki.

Kwenye Chrome ya Windows, nakili folda ya User Data: alamisho zinaamka, historia inaamka, manenosiri na vidakuzi vinabaki mafumbo, kwa sababu ufunguo wake umefungwa kwenye akaunti ya Windows ya mashine ile. Tangu toleo la 127, mwaka 2024, vidakuzi vimefungwa zaidi, kwenye programu yenyewe, ili wezi wasivibebe. Ni ulinzi mzuri. Ila kompyuta ikifa na hukuwa umewasha usawazishaji, imekufa na funguo. Mtu akishaonja hilo anajisajili kwa akaunti ya Google, na tangu siku hiyo kuhama ni safari.

#22 · Kitangulizi
Safari ya dakika kumi, mkuu. chrome://password-manager/settings, hamisha kwenda faili la CSV, kisha upande wa Firefox about:logins, leta kutoka faili. Halafu futa CSV hiyo na umwage pipa la takataka palepale, kwa sababu ni maandishi wazi: anayelifungua anasoma kila kitu. Usiliweke kwenye folda inayojipakia mawinguni hata kwa dakika moja.

Na kuhusu ile folda ya Firefox unayoisifu: kama hukuweka nenosiri kuu, yeyote anayeinakili anapata manenosiri yako yote. Urahisi wako ni urahisi wa mwizi pia.

#23 · SautiYaKibodi
Nakubali la nenosiri kuu, lilistahili kusemwa. Lakini CSV haibebi funguo za siri, hizi mpya zinazochukua nafasi ya nenosiri. Kila tovuti uliyoiwekea ufunguo wa siri ndani ya kidhibiti cha Google, unarudi kuingia na kusajili mpya. Zikiwa thelathini, dakika kumi zako zimeisha mlangoni.

#24 · Zumari
Usawazishaji nao si sawa kote. Firefox husimba data kwa ufunguo unaotokana na nenosiri lako, kwa hiyo seva haiwezi kuisoma. Ubaya wake: ukisahau nenosiri na hukuhifadhi ufunguo wa kurejesha akaunti, data iliyoko kwenye seva imepotea, inabaki iliyoko kwenye kifaa. Chrome kwa kawaida ufunguo anao Google. Kuna mahali pa kuweka kaulisiri yako ya usawazishaji, lakini wachache wanalijua. Kaulisiri ukiisahau, unafuta data ya seva na kuanza upya kutoka kifaa chenye nakala.

#25 · Mwanamaji_2
Mwenye wasiwasi atumie dirisha fiche tu, si linaficha kila kitu?

#26 · Zumari
Linaficha kwa anayetumia kompyuta hiyo baada yako: historia, vidakuzi na fomu havibaki. Mtoa huduma wa intaneti anaona majina ya tovuti kama kawaida, msimamizi wa mtandao vilevile, na tovuti inaona anwani yako ya IP. Faili ulizopakua na alamisho ulizoweka zinabaki.

#27 · TaaTatu
Nawasoma kwa heshima, lakini mnawaza kama mafundi. Mtu wa kawaida anasema "hiki kizito" kwa sababu ya mkono. Akitoka Chrome kwenda Firefox anabonyeza Ctrl+Tab, badala ya kwenda kichupo cha jirani anarushwa kwenye alichotumia mwisho. Anaona kivinjari kimechanganyikiwa. Dawa iko Mipangilio, Jumla, sehemu ya vichupo: ondoa alama kwenye mpangilio wa kilichotumika karibuni. Anazungusha gurudumu la kipanya, ukurasa unakwenda hatua tofauti na alivyozoea, anaita hiyo "kukwama". about:config, mousewheel.default.delta_multiplier_y, kawaida ni 100. Jaribu 150 kisha 200 hadi mkono uridhike. Ukitaka mteleko wake ubadilike pia, general.smoothScroll.msdPhysics.enabled iwe true.

Na ukishazoea upande mmoja unakosa vitu upande wa pili. Kwenye upau wa anwani wa Firefox, alama ya % na nafasi hutafuta vichupo vilivyo wazi, * alamisho, ^ historia. Chrome ni @tabs, @bookmarks, @history, au Ctrl+Shift+A kwa vichupo. Vichupo vya wima Edge walivileta 2021, Firefox toleo la 136 mwaka 2025. Kuna watu wamekaa Vivaldi miaka yote kwa hilo moja.

#28 · MtiMkavu
Nakazia TaaTatu. Na kuna wasio na cha kuchagua. Windows 7 na 8.1: Chrome ya mwisho ni 109, Januari 2023. Firefox 115 ESR (toleo la msaada wa muda mrefu) ndiyo ya mwisho upande wa pili, na Mozilla wamekuwa wakiipelekea marekebisho ya usalama huku wakisogeza mwisho wake mbele zaidi ya mara moja. Kwa mashine hizo kulinganisha kwenu kote hakuna maana, kivinjari ni kile kinachokubali kuwaka.

#29 · KaratasiNgumu
Na wenye data ya kupima kwa kijiko? Opera Mini hawaiachi hata ukiwapa nini.

#30 · BintiSeva
Kwa sababu katika hali yake ya ubanaji mkali inafanya kazi nyingine kabisa. Seva za Opera hupakua ukurasa, huendesha skripti kwa muda mfupi, hubana picha, kisha hukutumia umbo lililokwisha kupikwa. Data inaweza kupungua hadi 90%. Ndiyo maana pia kurasa zinazobadilika kila mara, kama ramani au mazungumzo ya papo kwa papo, zinavunjika humo. Na ukurasa lazima ufunguliwe kwenye seva ili ubanwe, hata kama ni wa HTTPS. Usiingize nenosiri la benki katika hali hiyo. Chrome ilikuwa na kiokoa data chake kwenye Android, ikakiondoa kwenye toleo la 100, Machi 2022.

#31 · Shoka
Narudi kwenye #2. Kama kukikuta hakuna nguvu, kwa nini Google ilimlipa Apple dola bilioni 20 mwaka 2022? Zimo kwenye kesi ya Marekani, ile ambayo jaji Amit Mehta aliamua Agosti 2024 kwamba Google inahodhi soko. Hakuna anayelipa fedha hizo ili akutwe tu kama kukutwa hakuuzi.

#32 · NguzoNane
Kesi umeitaja sawasawa, lakini fedha hizo zilinunua nafasi ya injini ya utafutaji ndani ya Safari. Kivinjari kilibaki Safari. Kubadilisha injini ya utafutaji ni mibofyo mitatu na watu hawaibadilishi. Kubadilisha kivinjari ni kazi kubwa zaidi na kwenye Windows watu wanaifanya kila siku. Nieleze hapo.

#33 · Shoka
Wanaifanya kwa sababu simu zao za Android zilishakuja na Chrome. Kompyuta inafuata simu, palipo manenosiri.

#34 · NguzoNane
Na mwanzoni mwa miaka ya 2010, simu hizo zilipokuwa bado hazijaenea, Chrome ilipandaje kwenye kompyuta?

#35 · KaratasiNgumu
Mkiendelea kubishana, nijibuni la kwangu. Nimeweka kuokoa kumbukumbu ngazi ya juu kama FundiMichakato alivyosema, Shift+Esc inaonyesha kiendelezi cha kutafsiri kinakula MB 400 peke yake. Kiondolewe au kina mpangilio?

#36 · FundiMichakato
Fungua chrome://extensions, bofya maelezo yake, kwenye ruhusa ya tovuti badilisha kutoka tovuti zote kwenda "inapobofywa". Funga kivinjari chote, kifungue upya, subiri zile dakika kumi, soma tena Shift+Esc. Ikibaki juu ya MB 100, kiondoe. Mtafsiri wa ndani ya Chrome anatosha kwa kurasa nzima.